Pindo la Gauni

Ugomvi wetu mkubwa wa kwanza, mimi na Paskazia, ulihusu gauni ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulivaa wala kuliona. Lilikuwa gauni la kwenye shairi. Ukicheka nitakuelewa, maana hata mimi leo nacheka. Siku ile sikucheka hata kidogo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Agosti, saa moja na nusu asubuhi, msimu ule ambao upepo wa Dodoma unapita na vumbi jekundu na baridi ya kuuma masikio. Nilikuwa nimepita kwa Paskazia, mtaa wa Kikuyu, kuchukua nakala yangu kabla ya kwenda Makutupora kumsaidia mama kuchuma zabibu. Jioni ya siku hiyo shairi letu lilikuwa lisomwe mbele ya watu, kwenye ukumbi mdogo wa jirani. Nasema letu, ingawa aliyelitunga ni dada mmoja wa Kalifornia, mtoto wa Wameksiko waliovuka mpaka kwenda kuchuma zabibu za watu. Sisi kazi yetu ilikuwa kulitia kwenye Kiswahili. Lilituchukua miezi mitatu, na katika miezi hiyo mitatu sikumbuki kama niliwahi kuchoka.

Paskazia ni Mhaya wa Bukoba, anafundisha fasihi chuo kikuu hapa Dodoma. Alisoma Marekani miaka miwili. Wenzake wanarudi na viatu, yeye alirudi na sanduku zima la mashairi ya watu wenye lugha mbili mdomoni, watu ambao kila lugha inawauliza wao ni wa wapi. Miongoni mwao wamo waliopenda walikokatazwa kupenda, mwanamke akampenda mwanamke, mwanamume akampenda mwanamume, wakaandika bila kumung'unya maneno. Alikuwa akitafsiri mashairi yao na kuyasoma kwa wanafunzi na watu wa mtaani, Jumamosi moja kila mwezi.

Mimi nilifika hapo kwa bahati. Rafiki wa kazini alinikokota, nikakaa nyuma, nikamsikia dada mrefu mwenye miwani na mwanya anasoma eti mchumaji "akakata zabibu kwa panga." Nikashindwa kujizuia.

"Samahani mwalimu," nilisema, "zabibu huwa hazikatwi kwa panga. Labda kama mna ugomvi nazo."

Ukumbi mzima ulicheka. Yeye alivua miwani, akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa swali la panga, akauliza, "Wewe ni nani?"

Nikamwambia naitwa Loisi, mtoto wa Makutupora. Wiki iliyofuata nilikuwa mezani kwake na kamusi. Mwezi uliofuata kamusi ilikuwa imefungwa, na mimi nilikuwa bado niko mezani kwake.

Sasa asubuhi hiyo ya Agosti nikachukua nakala, nikaipitia kwa macho kama ninavyopitia kila karatasi. Kazi yangu ni kunakili Hansadi bungeni. Natega sikio, naandika wanachosema waheshimiwa, neno kwa neno. Nikafika mstari wa nne, ule wa moyo uliookotwa, nikasimama.

"Paska, hili shati limetoka wapi?"

Alikuwa anamimina chai. Hakugeuka.

"Shati gani?"

"Hili hapa. 'Akaufuta vumbi kwa pindo la shati lake.' Sisi tuliandika gauni."

"Nimelipitia tena jana. Nikaona shati linakaa vizuri zaidi."

"Linakaa vizuri kwa nani?"

Akaweka chupa ya chai chini polepole. Nilipomwona uso nikajua hakulala vizuri.

"Kaka Respicius ameingia jana kutoka Bukoba," alisema. "Jioni atakuja kunisikiliza. Nimeshakusimulia kaka alivyo, atakaa mbele kabisa na koti lake. Na mkuu wangu wa idara atakuwepo. Gauni likitajwa, kila mtu atajua kwamba huyu dada anampenda mwanamke mwenzake."

"Si ndivyo alivyoandika?"

"Ndivyo alivyoandika. Na wakishajua wataniangalia mimi. Wakimaliza kuniangalia mimi watatafuta nani huwa anakaa karibu yangu. Watakuangalia wewe, Loisi."

"Waangalie."

"Ni rahisi kusema waangalie."

"Paska, mimi kazini mheshimiwa akisema ng'ombe siandiki mbuzi, hata kama mbuzi angependeza zaidi! Huyu mwenzetu kavuka mpaka na gauni lake, limefika salama mpaka Dodoma, wewe unamvua hapa Kikuyu?"

Alikunja mikono. Paskazia akikunja mikono ujue ameudhika kweli.

"Kazini, sawa," alisema. "Na nyumbani je? Kesho ni nani anapelekewa barua ya posa huko Makutupora?"

Kwa hapo alinipata.

Niseme ukweli wote, maana nimeshaanza. Gerson ni mwalimu wa shule huko Bahi, ana majaruba ya mpunga, haina ubishi kwamba ni mtu mwema, na tatizo langu lilikuwa hilo hilo, kwamba sikuwa na baya la kumsema. Aliyemleta ni baba mdogo Bartolomayo, mdogo wake marehemu baba. Mwezi wa nne mama aliponiuliza nikamjibu, "Nitafikiria." Na kwetu binti akisema atafikiria, wazee wanaanza kuulizia bei ya mbuzi.

"Hilo ni jambo jingine," nilisema.

"Nyani haoni kundule! Mimi nimebadilisha gauni moja kwenye karatasi. Wewe una mtu wako, unapendwa, unajua unapendwa, na mama yako umemwambia utafikiria. Nani kati yetu anaandika mbuzi?"

Machozi yalikuwa karibu, yangu na yake. Ningebaki dakika moja zaidi ningemkumbatia, na sikutaka kumkumbatia, nilitaka kushinda. Nikatoka. Nikaita bodaboda, na njia nzima hadi Makutupora nilikuwa nakohoa vumbi na kumjibu Paskazia majibu mazuri ambayo hayakunijia nilipokuwa mbele yake.

Shambani kulikuwa kumechangamka. Wachumaji kama kumi hivi, wanawake watupu, khanga kichwani, mikasi inalia, na mama yangu katikati akigawa mistari. Mama ni mfupi, sauti yake ndiyo ndefu. Hajui kuzunguka mbuyu. Mchungaji akihubiri sana humwambia mlangoni kwamba leo umetuchosha. Nilimwamkia, nikachukua mkasi, nikaanza kuchuma kwa bidii ambayo haikuwa ya kawaida yangu.

Saa nne nikasikia bodaboda. Sikugeuka, lakini moyo uligeuka wenyewe. Nilipochungulia kati ya majani nikamwona anakuja, raba nyeupe miguuni, mkoba begani, anakanyaga udongo mwekundu kwa uangalifu mithili ya mtu anayepita sebule iliyodekiwa sasa hivi. Hasira zangu zote zikataka kuniaga. Nikazishika.

"Shikamoo mama waitu," alimwamkia mama kwa goti, na lile 'waitu' lao la heshima la Kihaya.

"Marahaba mwanangu. Mbukwa!"

"Mbukwa," akajibu, Kigogo chake cha neno moja.

Mama akamtazama yeye. Kisha akanitazama mimi. Tulikuwa tumewahi kwenda pale pamoja mara tatu au nne, na kila mara tulikuwa tukiingia shambani tunacheka.

"Mmekosana," alisema.

"Hapana mama," tukasema wote kwa pamoja, na hilo peke yake lilitosha kutushtaki.

Wachumaji waliguna. Walijua kitakachofuata. Kwenye shamba letu, tangu enzi za bibi mzaa baba, mstari mmoja wa mizabibu unachumwa na watu wawili, mmoja upande huu mmoja upande ule, majani yakiwa katikati. Mnakwenda sambamba. Ukitangulia unasimama umsubiri mwenzako. Na waliokosana hupangwa mstari mmoja makusudi, hawatoki mpaka mwisho wa mstari, na wakitoka wanasema mbele ya wote walikosania nini, watu wacheke, yaishe. Nimeona wifi na wifi wakiingia mstari wakiwa hawasalimiani wakatoka wanabebeana ndoo. Bibi alikuwa akisema zabibu zikichumwa kwa kinyongo zinachacha kabla ya kufika sokoni.

"Mstari wa nane," mama alisema. "Ndio mrefu. Loisi huku, mgeni kule. Cecilia, mpe mkasi."

"Mama, hajui kuchuma," nikasema.

"Atajua. Mhaya anashindwa na nini?"

Wakacheka, na Paskazia naye akacheka kidogo, ule mwanya ukaonekana, nikaangalia pembeni.

Nguzo tatu za kwanza hatukuzungumza. Nilikuwa namwona vipande vipande, mkono, kipande cha miwani, shingo. Alikuwa anachuma vibaya mno. Anashika kichala tumboni, anavuta, punje zinamwagika.

"Usikamue," nikashindwa kuvumilia. "Shika kikonyo. Kata juu yake. Hivyo."

"Hivi?"

"Juu zaidi."

"Loisi."

"Nini?"

"Umeondoka bila kunywa chai."

"Nimekunywa vumbi, limetosha."

Mikasi ikaendelea kulia. Mstari wa saba, jirani yetu, Cecilia alikuwa amepunguza mwendo ghafla. Cecilia ni mchumaji wetu wa siku nyingi, mjane mwenye maneno, na masikio yake hayana likizo.

"Nisikilize," Paskazia alisema kwa sauti ya chini. "Nilipokuwa Marekani nilikuwa nayasoma haya mashairi chumbani peke yangu, nalia. Nikajiapiza kwamba nikirudi nyumbani nitayasoma kwa Kiswahili, kwa sauti, watu wasikie. Sasa nimerudi na Kiswahili ninacho, lakini ile sauti sijui niliiacha uwanja gani wa ndege. Jana nimeshika kalamu nikaandika shati. Nimeona aibu kabla hujaniambia. Ulipouliza, nikakupiga na Gerson ili nisiwe peke yangu kwenye aibu."

Mkasi wangu ulikuwa umesimama. Hasira zilikuwa zimeondoka bila kuniaga.

"Ulinipiga penyewe," nilisema. "Mimi mwenyewe muoga, Paska. Naandika ya watu bila kuruka nukta, nikifika kwa mama nameza maneno. Kila Jumapili naondoka mjini nasema leo nitamwambia. Nafika, ananipakulia mlenda, nakula, narudi."

"Mlenda mzuri?"

"Usinichekeshe."

"Nakuuliza tu."

"Nakupenda," nikasema. Nililisema kwa ukali kidogo, kama mtu anayelalamika. "Nakupenda, na sitaki kuolewa na Gerson, na sitaki useme shati."

Upande wa pili majani yakatikisika. Mkono wake ukapita kati ya waya, umenata utomvu wa zabibu na vumbi, ukanitafuta. Nikaupokea. Vidole vyake vilikuwa baridi, navyo vilinishika kwa nguvu kana kwamba nilikuwa nataka kwenda mahali. Sikutaka kwenda mahali popote. Nilimtazama kupitia pengo la majani, naye akanitazama, macho yale ya nyuma ya miwani ambayo yalinitoa kwenye kiti cha nyuma mwaka jana, nikasikia furaha imenijaa mpaka kooni.

"Mstari wa nane!" Cecilia akaita. "Mbona kimya? Mmepatana au mmekufa?"

"Tumepatana!" Paskazia akajibu, na shamba zima likapiga vigelegele.

Mchana tulikusanyika bandani, ugali, mlenda na maziwa ya mgando. Watu walipomaliza kunawa, Cecilia akapiga kofi.

"Haya, wa mstari wa nane. Deni la bibi. Mlikosania nini?"

Mama alikuwa ameketi juu ya kreti iliyogeuzwa, anasubiri kama wengine. Nikamwangalia Paskazia. Niliogopa kwa ajili yake, na niliogopa kwa ajili yangu.

"Tulikosania shairi," Paskazia alisema. "Neno moja ndani ya shairi."

Wakaangua kicheko. Ng'ombe wanagombaniwa, wanaume wanagombaniwa, lakini shairi!

"Wasomi nao," mmoja akasema. "Lisomeni basi tusikie hilo neno."

Paskazia akatoa karatasi mkobani. Akasimama. Akaeleza kwa kifupi kwamba aliyetunga ni mtoto wa wachuma zabibu wa nchi ya mbali, kwamba kwao wana lugha ya mama na lugha ya kazini, akawa anazichanganya, na kwamba pale alipoweka lugha ya mama yake sisi tumeweka Kigogo, mama akawa yaya. Wazo hilo lilikuwa langu, na nilipoliona linapokelewa na vichwa vinavyotikisika nikavimba kidogo.

Kisha akafanya jambo ambalo wengine hawakulielewa. Alivua miwani, akaikunja. Bila miwani Paskazia haoni hata tangazo la ukubwa wa mlango. Nikajua hasomi tena karatasi, anasema yaliyomo kichwani mwake, tulivyoyaandika wawili.

*Yaya, moyo wangu nimeusahau shambani,*
*mstari wa tatu, upande wa jua.*
*Yuko aliyeuokota kabla ya kengele*
*akaufuta vumbi kwa pindo la gauni lake.*

Alisema gauni. Hakulipaza wala hakulimeza. Alilisema kama lilivyo, akaendelea, na mimi nilikuwa nimeshika magoti yangu kwa mikono yote miwili.

*Mpakani waliniuliza jina, nikataja moja.*
*Ninayo mawili, yaya: moja la karatasini,*
*moja analoniita yeye, majani yakiwa kati yetu.*
*Siku nitakayorudi kwenye lugha yako*
*nifungulie mlango mpana kidogo.*
*Tutakuwa wawili.*

Upepo ukapiga bati la banda. Mama mmoja wa Kwaya ya Uinjilisti akakohoa, akainuka kwenda kusuuza vyombo ambavyo vilikwisha suuzwa. Wengine walikaa.

"Huyo amechuma kweli," Cecilia alisema mwishowe. "Upande wa jua! Mtu wa ofisini hawezi kujua upande wa jua." Akafikiri. "Na wakisema yaya kwao pia ni mama?"

"Wanasema kwa namna yao," nilimjibu.

"Na huyo wa gauni, alimpata?"

"Kitabu hakisemi," Paskazia alisema.

"Ah! Vitabu!" Cecilia akakasirika kabisa. "Mtu anakuliza halafu hakwambii. Mimi ningekuwa huyo yaya ningefungua mlango, halafu ndio nilie. Kulia kupo tu."

Wakacheka, wakaanza kuinuka kurudi mistarini, huku wengine wakiulizana kuhusu lile la mlango mpana. Cecilia alibaki akisugua sufuria ambalo lilikuwa linang'aa. Paskazia alivaa miwani yake, akachukua kalamu, akalikata lile shati kwenye karatasi, akaandika juu yake gauni.

"Jioni nitalisema hivi hivi," aliniambia. "Kaka Respicius akiinuka, akiinuka. Akibaki, nitamtambulisha kwako."

Mama alikuwa amerudi kuchambua vichala. Alikuwa anatutazama, mikono imelowa maji ya zabibu mpaka kwenye viwiko, na mimi nikajua kwamba nikinyamaza sasa sitasema tena maishani.

Hapo simu yake ikaita. Ilikuwa juu ya kreti, mbele yangu. Jina likatokea: Shemeji Bartolomayo.

"Usipokee kwanza," mama alisema. "Anataka jibu la kesho. Kina Gerson wako tayari kuja na barua." Simu inaita. "Wewe ulisema utafikiria. Umefikiria?"

"Nimefikiria, mama."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie hapana."

Simu ikakatika. Tulikaa tunaitazama.

"Ataniuliza sababu," mama alisema. "Gerson hana kilema."

"Hana. Ni mtu mzuri, atampata mwingine. Mimi ninaye mtu, mama."

"Nani?"

Nikanyoosha mkono, nikamshika Paskazia mkono wake, mbele ya mama yangu, mchana kweupe.

"Huyu."

Simu ikaanza kuita tena. Hakuna aliyeigusa. Cecilia alikuwa ameacha hata kujifanya anasugua. Mama akajifuta mikono kwenye khanga, ule utomvu usitoke, akaiacha.

"Mimi najua tangu masika," alisema. "Nilikuwa nakuona na simu yako unacheka peke yako uani, nikajua huyu hachekeshwi na Gerson. Gerson hachekeshi. Nilikuwa nasubiri uniambie, wewe unanilia mlenda tu na kuondoka."

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa. Mimi je, siogopi? Nina kanisa, nina majirani, nina shemeji zangu. Sijasema nimefurahi, Loisi. Usinielewe vibaya. Mulungu nitazungumza naye mwenyewe, tunajuana siku nyingi, na yapo maneno mengi ya kuzungumza." Akamgeukia Paskazia. "Na wewe. Mama yako yuko hai?"

"Yupo, mama."

"Anajua?"

"Hajui. Kaka atajua leo."

"Utamwambia mwenyewe?"

"Nitamwambia mwenyewe."

"Utamwacha mwanangu siku wakikufokea?"

"Siwezi," Paskazia alisema. "Mama, nimejaribu kuishi kana kwamba simpendi, tangu saa moja na nusu leo asubuhi. Nimeshindwa kufika saa tatu."

Mama akaguna. Halafu, hakukusudia, nadhani, akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, naye akakasirika kwa kukitoa, lakini kilikwisha toka. Mimi nililia. Nililia kwa furaha na kwa aibu ya miezi yote ile niliyopoteza kuogopa mtu aliyekuwa ananisubiri.

Simu ikaita mara ya tatu.

"Pokea," mama alisema. "Weka sauti ya nje, mikono yangu inanata."

Nikabonyeza. Sauti ya baba mdogo ikajaa banda zima.

"Shemeji! Mbona hampokei? Nilidhani mmevamiwa."

"Tulikuwa tunakula, shemeji. Kesho msije."

"Tusije? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Binti yangu amesema hapana. Ana mtu wake. Mwambie Gerson pole, mwambie asikae na matumaini, ni kijana mwema."

"Ana mtu!" Tukamsikia anahamisha simu sikio la pili. "Mtu gani ambaye sisi wazee hatumjui? Ni Mgogo?"

"Mhaya."

"Mhaya. Mh. Wana maringo hao. Anafanya nini?"

"Anafundisha chuo kikuu."

"Ooh," baba mdogo alisema, na sauti yake ikapanda ngazi mbili. "Chuo kikuu. Dini?"

"Mkatoliki."

"Hayo yanazungumzika, shemeji, hayo yanazungumzika. Umeshamwona? Ana adabu?"

"Ana adabu. Ananiamkia kwa kupiga goti. Yuko hapa, tunachuma naye tangu asubuhi."

"Anachuma! Profesa anachuma zabibu! Basi huyo ni mtu. Sasa jina lake nani, nimtaje kwa wenzangu?"

Mama akamtazama Paskazia. Nilimwona anafikiri. Majina yapo mengi duniani, Petro yupo, Sostenes yupo, angeweza kuokota lolote akatununulia mwaka mzima wa amani, na mimi ningemsamehe hapo hapo. Nilifumba macho.

"Anaitwa Paskazia," mama alisema.

Tukamsikia baba mdogo anairudisha simu sikio la kwanza.

"Nani?"

"Paskazia. Umesikia vizuri, shemeji. Tafuta kiti ukae, halafu unipigie tena."